Leseni za OT wa kuzunguka Marekani: kompakti, jimbo kwa jimbo, au utulie jimbo moja?

Juzi usiku dada mmoja kanipigia toka Columbus, Ohio, OT mwenzangu (occupational therapist, mtaalamu wa tiba ya kazi), ana miaka mitatu hospitali ileile na kachoka, anataka kuingia kwenye kazi za kuzunguka, zile kontrakti za wiki 13 unarusha nguo kwenye buti la gari unaondoka. Swali lake la kwanza: "Kaka, nianze na leseni ya California au ya Texas, ipi inapatikana haraka?" Nikacheka, manake hilo ndo swali nililoanza nalo mimi na ndo lililonila hela.

Wahenga walishasema kuzaa si kazi, kazi kulea. Leseni ni hivyohivyo. Kuipata ni fomu, ada na subira ya wiki kadhaa, basi. Sasa kuilea: kila moja ina tarehe yake ya kufa, ina masaa yake ya masomo, ina vikozi vyake vya lazima ambavyo jimbo la jirani halivitambui, na barua ya kukumbushwa inatumwa kwenye anwani uliyohama kontrakti mbili zilizopita. Kuna kipindi nilikuwa na leseni tano zinapumua kwa mpigo, nafanyia kazi moja tu, nne nazilisha bure kama wageni waliokuja wiki moja wakakaa mwaka.

Kwa hiyo nikamwambia dada tuzipange njia tatu zilizopo, tuziangalie kwa gharama ya kulea kuliko ya kupata.

Kwanza kitu ambacho hakibadiliki njia yoyote utakayopita. NBCOT (bodi inayowapa OT vyeti) ni ya taifa, leseni ni ya jimbo, na watu wanavichanganya kila siku. NBCOT ndo wenye mtihani, ukifaulu unaruhusiwa kuandika OTR (OT aliyesajiliwa) baada ya jina lako, na cheti chao kinarudiwa kila miaka 3 kwa unit 36 za kujiendeleza. Hicho cheti peke yake hakikupi ruhusa ya kumgusa mgonjwa hata mmoja, ruhusa inatoka kwa bodi ya jimbo alipo mgonjwa. Nasisitiza alipo mgonjwa, manake hata ukifanya tiba kwa video umekaa sebuleni kwako Ohio na mgonjwa yuko Florida, sheria zinazokuhusu ni za Florida. Yapo majimbo ambayo baada ya kukupa leseni hayajali kama NBCOT yako iko hai, na yapo yanayotaka iwe hai kila ukirudia. We OT wa kuzunguka usiiache ife, manake hujui kontrakti ijayo itakupeleka wapi. Na kwa ndugu zangu mliosomea nyumbani, diploma ya KMTC (chuo cha mafunzo ya tiba Kenya) peke yake haifiki, NBCOT wanalinganisha masomo yako na ngazi ya masters ya Marekani ndo wakuruhusu kukaa mtihani. Kama uko kwa viza ya kazi ya H-1B, kazi za kuzunguka ziweke kando kwanza, ile viza imefungwa na mahali pa kazi, kila ukihamia eneo jingine mwajiri anatakiwa afungue maombi upya, na hamna ejensi itakayofanya hivyo kila wiki 13.

Haya, turudi.

NJIA YA KWANZA: JIMBO KWA JIMBO

Hii ndo ya zamani. Una leseni ya jimbo moja, unaomba ya pili kwa kuonyesha kwamba unayo ya kwanza na mtihani ulishafaulu, hurudii mtihani. Uzuri wake ni kwamba inafanya kazi kila mahali, majimbo yote 50 pamoja na Washington DC, haikuulizi unaishi wapi, na ukishaipata ni leseni yako kamili isiyoegemea nyingine.

Ubaya wake hauonekani kwenye leseni ya pili, unaonekana kwenye ya nne. Bodi nyingi zinataka uthibitisho wa kila leseni uliyowahi kuwa nayo, nasema uliyowahi, hata iliyokufa zamani, na uthibitisho hautoki mkononi mwako, unatoka bodi ile kwenda bodi hii moja kwa moja. Leseni ya pili unaomba barua moja. Ya tano unaomba nne, kila moja na fomu yake, ada yake na mwendo wake. Yaani kila leseni unayochukua leo ni deni la barua kwa leseni zote utakazoomba maisha yako yote. Hili hakuna rikruta (wakala anayekutafutia kontrakti) atakayekuambia, yeye anachotaka ni profaili yako iandikwe "leseni sita" ili akuuze haraka.

Mi ilinipata hivi. Kontrakti inaanza Jumatatu, nyumba nimeshalipia, alama za vidole zimepita, kila kitu kijani kwenye tovuti ya bodi isipokuwa mstari mmoja: uthibitisho kutoka jimbo moja nisilolitaja ambalo nilifanya kazi wiki 13 tu miaka ya nyuma. Wale walikuwa bado wanatuma kwa posta. Kwa posta! Nilikaa wiki mbili kwenye apatimenti ya watu nalipa kodi bila mshahara, kila asubuhi nafungua ule ukurasa nauangalia ule mstari mwekundu kama mtu anayeangalia sufuria ya maharage. Ejensi wakasema pole.

Halafu majina. Sisi tuna majina matatu, cheti cha chuo kina mawili, pasi imegeuza la baba likawa la katikati, na NBCOT waliandika walivyoelewa wao. Kabla hujaomba leseni ya pili, kaa chini uhakikishe kitambulisho, NBCOT na leseni ya kwanza vinasoma jina lilelile kwa mpangilio uleule, manake tofauti ndogo tu hapo inaweza kukurudisha nyuma na karatasi za ziada kila jimbo jipya.

NJIA YA PILI: KOMPAKTI

OT Compact ni makubaliano ya majimbo yaliyoandikwa kwa msaada wa AOTA (chama cha OT Marekani) na NBCOT. Virginia walikuwa wa kwanza kuipitisha 2021, ilihitaji majimbo 10 ili izaliwe, yakatimia 2022, na sasa zaidi ya majimbo 25 yameshapitisha sheria, Ohio wamo, Georgia wamo, North Carolina, Tennessee, Colorado, Minnesota, Washington.

Manesi msisome hapa mkadhani ni kama yenu. Nesi wa kompakti ana leseni moja ya majimbo mengi, anaingia tu. Sisi tumefuata njia ya mafiziotherapisti: leseni yako inabaki moja, ya jimbo la nyumbani, halafu kila jimbo unalotaka kwenda unanunua kibali cha jimbo hilo. Unalipa ada ya tume ya kompakti na ada ya jimbo. Kwa hiyo sio bure, na sio otomatiki.

Sasa linganisha na njia ya kwanza kwenye kulea, hapa ndo pananifurahisha. Kibali kinaishi mpaka siku leseni yako ya nyumbani inapoisha, kwa hiyo tarehe ni moja, sio tano. Masaa ya masomo unayolea ni ya jimbo la nyumbani. Zile barua za bodi kwa bodi zinapungua manake mfumo wao wa data unasomana wenyewe. Kwa mtu aliyewahi kukaa na kalenda yenye tarehe tano za leseni ukutani, hii ni kama kutua mzigo wa kuni.

Ila ina miiba. Wa kwanza, sheria kupita ni jambo moja na dirisha kufunguliwa ni jambo jingine, majimbo yanaingia kwenye mfumo moja moja, na ili upate kibali lazima la nyumbani kwako na unakokwenda yote mawili yawe yameshafungua. Usisaini kontrakti kwa sababu rikruta kasema "hilo ni la kompakti", fungua ramani kwenye tovuti ya OT Compact mwenyewe uangalie. Wa pili, California na New York hawamo, na hao ndo wenye kazi tele.

Wa tatu ndo mkubwa kwa watu wetu: jimbo la nyumbani ni lile unaloishi kweli, sio lile unalolipenda. Wanaangalia vitu kama leseni ya udereva na ritani ya kodi. Na hapo hapo kuna habari ya posho. OT wa kuzunguka anapewa posho ya nyumba na chakula isiyokatwa kodi, lakini ni kwa mwenye kwao anakogharamia kweli wakati yuko safari. Sheria ni mbili tofauti ila karatasi ni zilezile, na nawajua watu waliotoa apatimenti, wakaweka vitu stoo kwa binamu, wakawa hawana kwao popote, wamejiharibia pande zote mbili kwa mpigo. Ukihama kutoka Ohio ukaenda kuishi California kabisa, vibali vyako vyote vinakwenda na maji. Na ukipata adhabu kwenye leseni ya nyumbani, vibali vyote vinazimwa pamoja nayo, mti ukianguka matawi hayabaki hewani.

Mwiba mdogo: kibali hakikuondolei sheria za kule. Ukiwa Washington unafanya yanayoruhusiwa Washington, na kama wana mtihani wa sheria zao unaufanya.

NJIA YA TATU: JIMBO MOJA KUBWA

Hii watu wanaidharau na mimi naona ndo nzuri kwa anayeanza. Unachukua leseni moja ya jimbo pana, unazunguka humohumo. Texas unaweza kufanya Houston wiki 13, El Paso wiki 13, ukaenda Lubbock, na kote leseni ni moja, barua ya uthibitisho ni moja, mtihani wa sheria ni mmoja. California vilevile, kutoka San Diego mpaka kule Redding ni mwendo wa siku nzima na bado uko jimbo moja. Kama kiu yako ni pesa na kubadilisha mazingira, sio kukusanya majimbo kama stempu, hii inatosha miaka miwili mitatu.

SASA MAJIMBO YENYEWE, KWENYE KULEA

Watu wanalinganisha ada. Ada ya kuomba ni ya mara moja na ejensi nyingi zinarudisha, ila soma kontrakti vizuri, nyingine wanakukata ukiondoka kabla ya wiki 13 kuisha. Linganisha masaa na vikozi.

Texas wanarudia kila miaka 2, masaa 24, inaisha mwezi wako wa kuzaliwa. Wana mtihani wa sheria zao, na kila kurudia kuna kozi ya kuzuia biashara haramu ya binadamu, na lazima iwe ile iliyokubaliwa na jimbo, sio yoyote uliyookota onlaini.

California pia miaka 2, unit 24, nayo mwezi wa kuzaliwa. Kwenye karatasi ni mapacha na Texas. Lakini California wana kitu ambacho OT wa kuzunguka wengi wanakigundua wameshafika: leseni ya kawaida haikuruhusu kufanya tiba ya mkono, wala kutumia mashine kama ultrasaundi na umeme, wala kushughulikia kumeza, mpaka bodi ikupe idhini ya ziada kwa kila kimoja. Tiba ya mkono peke yake wanataka masaa 45 ya masomo na masaa 480 ya kazi chini ya usimamizi. We umefanya mikono Ohio miaka mitatu, unafika kliniki ya mikono Los Angeles, unaambiwa kaa kwanza. Uliza kliniki inafanya nini kabla hujasaini. Na alama za vidole za California ukiwa ndani ya jimbo unapiga kwa Live Scan, ni za kielektroniki na zinakwenda haraka, ukiwa nje unapiga wino kwenye kadi na kadi inasafiri. Mi kama nina safari ya kwenda kumsalimia mtu Oakland napigia hukohuko.

New York ni ya ajabu kwa uzuri: leseni yenyewe ni ya maisha, kinachorudiwa ni usajili, kila miaka 3 kwa masaa 36, na kile kipindi cha kwanza ulichopewa leseni wamekusamehe masaa.

Florida wote wanaisha siku moja, mwisho wa Februari mwaka witiri, haijalishi umeingia lini. Masaa 26, ndani yake mawili ni ya makosa ya kitabibu na mawili ni ya sheria za Florida, na wanafuatilia kupitia CE Broker, mfumo wa mtandaoni wa kurekodi masomo, kwa hiyo hakuna cha kusema nitaonyesha cheti nikiulizwa. Ukiomba Florida msimu wa baridi kuelekea Februari hiyo, uliza kwanza leseni utakayopewa inaishia lini.

Washington inaisha siku yako ya kuzaliwa, masaa 30 kwa miaka 2, na kuna kozi ya masaa 3 ya kutambua mtu mwenye nia ya kujiua. Hiyo kozi nililalamika nayo sana kabla ya kuifanya, nikaja kuitumia kwa mzee mmoja wa strok ndani ya mwezi. Basi.

Ukiziangalia vizuri, NBCOT 36 kwa 3, New York 36 kwa 3, Texas 24 kwa 2, California 24 kwa 2, zote ni masaa 12 kwa mwaka! Florida 13, Washington 15. Kwa hiyo masaa sio tatizo, kozi moja iliyokubaliwa na AOTA mara nyingi inahesabika kote. Wewe fanya 15 kwa mwaka umefunika wote, halafu vile vikozi vya pekee ndo uviandike pembeni, hivyo ndo vinavyoangusha watu tarehe 28 saa tano usiku. Vyeti vyote weka folda moja, jina la faili lianze na mwaka. Na usithubutu kusema "inaisha Jumapili nitalipa Jumatatu", siku moja ya kazi bila leseni hai ni siku ambayo kituo hakitakiwi hata kuidai bima, na itaandikwa kwako.

KUILAZA AU KUIACHA IFE

Ukitoka jimbo una chaguo tatu. Kuendelea kulipa, kuilaza (kuisimamisha kwa muda bila kuitumia) pale wanaporuhusu, au kuiacha ife kwa amani. Mi zamani nilikuwa naendelea kulipa zote kwa woga, "huenda nikarudi". Sasa hivi kanuni yangu: kama sijafanya kazi jimbo hilo miezi 18 na halimo kwenye mpango wa mwaka ujao, nailaza au naiacha, isipokuwa California na New York, manake hizo kuzipata upya ni safari ndefu na kompakti haitakuokoa. Ila kuiacha ife sio kuitoroka. Hakikisha kwenye rekodi imeandikwa imeisha muda, sio kwamba kuna malalamiko au faini imelala, kwa sababu ile barua ya uthibitisho itaombwa tu.

SASA DADA ACHUKUE IPI?

Yeye yuko Ohio, ana nyumba, ana mtoto wa darasa la pili anayekaa na bibi yake akisafiri, na hataki kwenda mbali zaidi ya mwendo wa gari wa siku moja. Huyo ni kompakti asubuhi na mapema, aitunze leseni ya Ohio kama mboni ya jicho, anunue kibali kimoja cha jimbo la jirani pale kontrakti ikishathibitishwa, sio kabla. California aifute kichwani kwa sasa.

Angekuwa kijana hana mtoto, anaishi California au New York, ningemwambia azunguke jimbo lake kwanza mwaka mzima, kisha achukue moja tu ya nje kwa njia ya zamani, achague Texas kwa upana wake. Na yule anayetaka kila baada ya miezi mitatu jimbo jipya, Arizona leo Maine kesho, huyo ahamie kuishi kweli kwenye jimbo la kompakti, manake kwa njia ya kwanza atatumia likizo zake zote anafukuzia barua.

Dada kanielewa, akasema sawa kaka, akaanza kujaza usiku uleule. Siku tatu baadaye meseji: alama za vidole zimekataliwa, mashine haisomi. Nikamwambia karibu kwenye chama. Sisi mikono yetu inalowa maji ya moto ya kutengenezea spilinti (banzi) kutwa nzima na sanitaiza kila mlango, mistari inafutika, mi nilirudishwa mara mbili, na baada ya mara mbili ndo wanaweza kuomba FBI wakuangalie kwa jina. Nikamwambia wiki nzima usiku apake mafuta ya mgando alale na glavu za pamba, aende asubuhi siku ya ofu kabla hajaosha vyombo. Kanijibu na picha ya kopo la Vaseline liko juu ya fomu.